Msalaba wa Winifrida

Mke mwenza aliye hai ana nafuu yake. Siku moja ataunguza ugali, siku nyingine atagombana na mkwe, siku ya tatu atatukana mbele za watu, nawe utapata pa kupumulia. Mke mwenza aliye kaburini haunguzi kitu. Kila mwaka anazidi kuwa mpole, anazidi kujua kupika, na hata sura yake inazidi kutengenea midomoni mwa watu. Lidia alilijua hilo tangu mwaka wake wa kwanza pale Maguu, ila hakuwa na wa kumwambia, maana ukisema kwa sauti kwamba unamwonea wivu marehemu, watu watakutafutia padre.

Kaburi lenyewe lilikuwa nyumbani, ukingoni mwa mibuni, mbele kabisa ya mlango wa jiko. Ukitoka kumwaga maji ya vyombo, unaliona. Ukianika mahindi, unaliona. Lilikuwa na msalaba wa mkaratusi uliokwisha kuliwa na mchwa mguuni, umeegemea upande kama mtu anayetega sikio, na kwenye mbao yake ya kukingama Othmar, mumewe, alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake mwenyewe: WINIFRIDA.

Jioni moja mwishoni mwa Oktoba, kahawa imeshauzwa na chama cha msingi cha ushirika kimeshalipa, Lidia alimtengea mumewe ugali na usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Akangoja ameze tonge la pili, kwa kuwa mwanaume haombwi kitu kabla ya tonge la pili, ndipo akaanza.

"Baba Aidan, mawingu yale si ya mchezo. Bati za jiko umeziulizia?"

Othmar alitafuna polepole, kama usipa umegeuka mfupa. "Jiko litangoja."

"Lingoje nini tena? Mwaka jana ulisema kahawa ya mwaka huu."

"Nimeongea na dada Gertruda. Tunasimika msalaba wa mama Dorothy, Siku ya Marehemu. Wa zege, na marumaru chini. Na picha."

"Picha?"

"Picha yake. Inakaa ndani ya kioo, hapa katikati." Akajigusa kifuani kwa kidole chenye ugali.

Lidia alitazama ukutani. Palikuwa na kalenda ya jimbo, picha ya Moyo Mtakatifu, na Winifrida siku ya harusi yake, gauni jeupe, mikono imeshika maua ya plastiki. Picha ya Lidia na Othmar ilikuwa moja tu, nayo ilikaa kwenye simu, na simu yenyewe kioo kimepasuka.

"Na mimi nikifa," alisema, "mtaniandika nani?"

"Mama Aidan, mtu anakula hapa."

*

Lidia alikuwa mtoto wa Mbamba Bay, wa Kianglikana, wa ziwani hasa. Alipanda milima na ndoo za usipa kuja kuuza mnadani, na wasemaji wa Maguu, ambao hawana dogo, walisema alikuja kutafuta wateja akabaki na mteja mmoja. Miaka minne sasa. Ndoa ya kanisani bado; Othmar alisema "tutafunga" jinsi alivyosema jiko litaezekwa. Kwa hiyo Jumapili wenzake wakipanga mstari wa komunyo, yeye alibaki kwenye benchi na Aidan mapajani, akijifanya anamfunga kiatu. Wanakijiji walimwita mumewe Baba Dorothy, kwa jina la binti aliyezaa na Winifrida. Yeye peke yake alimwita Baba Aidan, tena kwa sauti, kama anatangaza bei.

Msiri wake alikuwa Herieth, jirani mwenye mdomo na mwenye huruma, vyote kwa kipimo kimoja. Walikutana kwenye mashine ya kusaga.

"Mwenzangu, achana na huyo," Herieth alisema, unga umemjaa kope. "Ungekuwa unashindana na binti wa dukani ningekupa mbinu. Huyu hazeeki, hanenepi, hakopi chumvi. Utamshinda kwa lipi?"

"Sishindani naye."

"Hushindani, lakini umekonda." Herieth akamsogezea ndoo. "Siku hiyo vaa gauni lako jekundu. Watu wajue nani yuko hai."

Wakacheka mpaka fundi wa mashine akawauliza kama wanasaga au wanaoga.

Kicheko hicho hakikufika mbali. Alasiri Gertruda, dada yake Othmar, aliingia uani na wanawake wa jumuiya ya kanisa kupanga shughuli. Gertruda alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mwenye kifua na sauti, ambaye akikusalimia unajikagua kama umevaa sawasawa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Karibuni, wifi."

Gertruda hakukaa. Alizunguka jikoni, akagonga sufuria moja baada ya nyingine kama anayepima matikiti. "Hizi zitatosha. Wifi, wewe utakuwa jikoni. Mbele tutakaa wenye marehemu."

"Na mwenye nyumba akae wapi?"

"Mwenye nyumba si ndiye anapika? Au huko ziwani wageni hujipikia?" Wenzake wakacheka kwa adabu. "Halafu huo usipa wako uufiche. Watatoka watu parokiani, wasije wakadhani tumehamia ufukweni."

Lidia akafunika ungo wa usipa.

"Maharage yaive jioni ya kuamkia shughuli," Gertruda aliendelea. "Winifrida, Mungu ampumzishe, alikuwa na mkono wa maharage. Angekuwepo yeye..."

"Angekuwepo yeye," Lidia alisema, "tusingekuwa na shughuli."

Mwanamke mmoja alikohoa. Gertruda alimtazama Lidia kuanzia kichwani hadi miguuni, akashuka, akapanda, kisha akawaambia wenzake waende wakaone mahali pa kuweka viti.

*

Mvua za kwanza hazikungoja novena ya mtu. Zilianza kumwagika mchana ule wa kuamkia shughuli, nzito, zikishuka kwenye ngolo, yale mashimo ya kulimia mlimani, mpaka kila shimo likawa bakuli la maji. Msalaba mpya ulikuwa umefika asubuhi kutoka Mbinga mjini, umelazwa kwenye toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, juu ya majani ya migomba kama mgonjwa. Othmar alinunua turubai jipya la bluu kuufunika, pamoja na mifuko ya saruji. Alilivuta huku na huku, akabana kila pembe kwa jiwe, akarudi nyuma kulitazama. Lidia, akiwa jikoni, alimwona jinsi alivyoinama tena kufunga upenyo mdogo uliobaki.

Jikoni maji yalidondoka mahali pote isipokuwa kona moja. Kwenye kona hiyo ndiko alikokuwa akimlaza Aidan. Leo hakumlaza, kwa sababu fundi Steven alikuwa ameng'oa msalaba wa zamani na kuuleta humo.

"Shemeji, dada Gertruda kasema uwekwe pakavu," Steven alisema, akaonyesha kona kwa kidevu. "Pakavu ni hapo tu."

"Mtoto hulala hapo."

"Mimi fundi tu, shemeji."

Basi Aidan akapanda mgongoni, na msalaba ukalala pakavu.

Kuni zilikuwa zimelowa. Lidia alipuliza mpaka masikio yakalia. Moto uliwaka, ukafikiri, ukazima. Moshi ulijaa, Aidan akakohoa na kulia mgongoni, maji ya paa yakadondoka juu ya kifuniko cha sufuria kubwa ya maharage, ambayo yalikuwa bado magumu kama yalivyotoka guniani. Ndani ya nyumba kubwa wanawake walikuwa wakipanga vikombe na kuimba.

Sauti ya Gertruda ikaja kutoka barazani, ikapita juu ya mvua: "Wifi! Maharage vipi huko? Winifrida saa hizi alikuwa anaonja chumvi!"

Lidia aliinua kichwa. Kule konani msalaba ulikuwa umelala, mkavu, jina juu. Alisogea. Alitaka tu kuusimamisha ukutani apate nafasi ya kumweka mtoto; hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini aliposhika mbao ya kukingama, msumari ukachomoka wenyewe kwenye kuni ile iliyozeeka, na mbao ikabaki mkononi mwake. Nyepesi. Kavu mpaka ndani.

"Leo utanisaidia," aliiambia. "Miaka yote umekaa bure hapo nje, mimi napika."

Akachukua panga.

Mkaratusi ule uliwaka kana kwamba ulikuwa unaomba. Moto ulipanda, ukalamba sufuria, na baada ya muda mfupi maharage yakaanza kunong'ona, kisha kuchemka kwa kishindo. Lidia alikalisha makalio chini, akamshusha Aidan, akamlaza konani. Kwa mara ya kwanza tangu kahawa iuzwe, kifua kilimlegea. Akaongeza kipande. Utamu ule ulikuwa mkubwa kiasi kwamba alipomaliza mbao ya kukingama aliuvuta na mguu wa msalaba wenyewe, sehemu ile mchwa walipoishia, akausukuma motoni bila hata kuukata.

Ndipo Dorothy akaingia. Alikuwa binti wa miaka kumi na sita, mrefu, mkimya, ameinama kukwepa moshi.

"Mama mdogo, katekista amekuja. Anauliza msalaba wa zamani, anataka kuona kama utatosha shimoni." Kwao hapo, katika ukoo ule, msalaba wa zamani hulazwa chini ya mpya, mpya ukasimama juu yake. Lidia, mtu wa ziwani, hakuna aliyewahi kumwambia.

Dorothy alitazama konani akamwona mdogo wake amelala. Alitazama ukutani. Halafu akatazama motoni, na kwenye kipande kimoja kilichobaki, rangi nyeupe ilikuwa ikijikunja na kutoa mapovu juu ya herufi ya mwisho.

Binti hakupiga kelele. Aliingiza mkono.

Aliyepiga kelele ni Lidia.

*

Sijui habari hupitia wapi kwenye mvua, lakini mpaka Dorothy anawekwa kitini barazani, mkono ndani ya beseni la maji, nusu ya jumuiya ilikuwa imeshafika, na Herieth miongoni mwa wa kwanza, kanga kichwani.

"Amempika!" Gertruda alikuwa akitembea huku na huku. "Amempika wifi yangu! Jamani, mmeshaona wapi? Msalaba! Mti wa wokovu, mtu anaivishia maharage! Othmar, umetuletea nini humu? Nilikwambia, mtu wa ufukweni, dini nyingine..."

"Na Waanglikana wana msalaba," Herieth alinong'ona, si kwa chini sana.

"Wewe nyamaza! Othmar, sema. Kesho gari la Mbamba Bay lipo. Huyu analala hapa leo kwa sababu ya mvua tu."

Othmar alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono, anatazama miguu yake. Lidia alimtazama yeye tu. Maneno ya Gertruda alikwishayazoea. Alichokuwa akingoja ni mdomo ule mmoja ufunguke useme hapana. Haukufunguka.

"Na maharage je?" mwanamke mmoja aliuliza. "Tunayamwaga?"

"Wapewe nguruwe," alisema Gertruda.

"Nguruwe wale kitu kilichopikiwa msalaba? Hapo ndipo kufuru yenyewe."

"Basi tule sisi, tutabarikiwa."

"Mimi siweki mdomoni."

"Hujaonja. Yananukia."

Mzozo wa maharage ungefika mbali kama katekista Ildefonsi asingeinua mkono. Alikuwa mzee mfupi mwenye koti la suti lililompita, mtu wa kuhubiri marefu, watu wakajiandaa kukaa. Lakini leo aliuliza tu.

"Majivu yako wapi?"

"Jikoni," alisema Lidia.

"Yasitupwe. Jamani, matawi ya Jumapili ya Matawi huwa tunayapeleka wapi? Si tunayachoma, tukapakwa majivu yake? Kitu kilichobarikiwa kikichakaa kinachomwa. Mimi mwenyewe nimechoma misalaba nyuma ya kanisa, mibovu kuliko huo." Gertruda akafungua mdomo, mzee akamtuliza kwa kiganja. "Ila mimi nachoma nikisali. Wewe, mama, ulichoma ukisema nini?"

Swali lilimkuta Lidia pabaya. Angeweza kusema kuni zililowa. Ilikuwa kweli, na kila mtu pale alijua kuni zililowa. Akamtazama Dorothy, na ule mkono ndani ya beseni.

"Nilisema amekaa bure miaka yote, mimi napika."

"Ulimsema nani?"

"Mwenyewe. Winifrida. Namwonea wivu."

"Marehemu?" mtu alidakia.

"Ndiyo, marehemu! Ana marumaru. Ana picha. Ana turubai, jipya, limebanwa kila pembe, na mimi nanyeshewa na mtoto mgongoni. Nikipika, ni mkono wa Winifrida. Nikinyamaza, Winifrida alikuwa mcheshi. Nikisema, Winifrida alikuwa mpole. Mtu huyo nitamfikia wapi? Hata kaburini kwake niende nikamwombe msamaha, nitakuta wifi ameshafika."

Herieth alicheka peke yake, akaziba mdomo.

"Mama naye aliliomba jiko hilo."

Alikuwa ni Dorothy. Alisema akitazama maji ya beseni.

"Dorothy," Gertruda alisema.

"Si nilikuwepo, shangazi? Kila mvua zikianza aliomba bati. Baba alisema kahawa ya mwaka unaofuata. Akawa ananifunika mimi kwa ungo. Na wewe ulikuja ukamwambia mwanamke asiyejua kuwasha moto ni mzigo. Akalia. Ulimwambia mke wa kaka yako mwingine, yule wa Mbinga mjini, ndiye mwanamke." Akavuta pumzi. "Mama hakuwa na mkono wa maharage. Yalikuwa yanaungua."

Mvua ilikuwa imepungua bila mtu kutambua. Gertruda alitafuta mahali pa kukaa, akakuta hakuna.

Lidia alihisi kama mtu aliyekuwa akisukuma mlango kwa bega kwa miaka minne, ukafunguliwa kwa ndani. Kumbe mwenzake alipuliza moto uleule. Kumbe maji yalimdondokea palepale.

"Ndiyo maana namjengea," Othmar alisema hatimaye. Sauti ilimtoka kwa shida. "Alipokuwa hai sikumjengea kitu. Nataka... angalau sasa."

Mzee Ildefonsi alimgeukia. "Othmar, mwanangu. Marehemu hanyeshewi."

Hapo ndipo mahubiri yalipotakiwa kuanza, na labda mzee mwenyewe alitaka yawe marefu. Yakawa haya: "Mnaupenda msalaba ukiwa wa zege. Yule aliyetundikwa juu yake hakungoja tufe, tuwe watu wazuri, ndipo atupende. Alitupenda tungali tunamtemea mate, tungali hai na tunaudhi. Kumpenda marehemu ni kazi rahisi, hajibu. Msalaba ni huyu anayejibu." Akaonyesha kwa kidole, na haikujulikana kama anamwonyesha Lidia, au Gertruda, au Othmar, maana walikuwa wamesimama karibu karibu.

"Kwa hiyo abaki?" Gertruda aliuliza. "Othmar, ni nyumba yako. Abaki au aende?"

Watu wote wakamgeukia Othmar. Yeye akageuka, akatoka. Lidia alifumba macho. Akasikia hatua zikichapa matope, kisha mlio wa mawe yakitupwa, moja, jingine, jingine. Herieth ndiye aliyechungulia kwanza.

"Jamani," alisema, "anavua turubai."

Othmar alikuwa amelibeba begani, kubwa, la bluu, likimwagia maji shingoni. Alilirusha juu ya paa la jiko, likateleza, likamfunika yeye mwenyewe. Akajikwamua, akarusha tena. Akapanda kwenye kigogo na mawe mfukoni.

"Msalaba utalowa!" Gertruda alipiga kelele.

"Umeshakauka huo, dada," alijibu kutoka juu, bila kugeuka. "Saruji nimeiingiza ndani. Mama Aidan, nishikie hii pembe."

*

Asubuhi jua lilitoka safi kama lililofuliwa. Watu wa parokiani walikuja, na watu wa Maguu wote ambao hawakualikwa lakini walikuwa wamesikia. Padre alikuwa ameshaubariki msalaba kabla haujatolewa mjini, kwa hiyo Ildefonsi ndiye aliyeongoza. Maharage yaliliwa asubuhi na mapema, kabla hata ya sala. Waliokuwa wameapa kutoyaweka mdomoni walirudi mara ya pili.

Lidia hakuvaa gauni jekundu. Alikuja kaburini na sufuria ya majivu, Dorothy kando yake, mkono umefungwa kitambaa, na wakayamwaga shimoni pamoja bila kuangaliana. Ndani ya majivu kulikuwa na msumari. Dorothy alitaka kuuokota, akaacha.

Wanaume wanne waliuteremsha msalaba, Steven akaanza kumwaga zege miguuni pake. Kuushikilia wima mpaka zege lishike, hiyo ni kazi ya wanawake wa nyumba: mmoja kila mkono wa msalaba, watu wakiimba litania. Gertruda alikuwa ameshajipanga upande wa kulia. Kushoto alisimama Dorothy, akajaribu, akakunja uso kwa maumivu.

"Mama mdogo," aliita, "njoo ushike hapa, mimi nitegemeze kwa bega."

Gertruda alikunja kanga kiunoni. "Mtoto wewe, panahitajika watu wa damu..."

"Basi shangazi ukae pembeni umpokee akichoka. Upande huo atashika baba."

Hiyo haikuwahi kuonekana, mwanaume kuushika. Othmar alitazama katekista, katekista akatazama kitabu chake. Othmar akaja akashika.

Basi wakasimama hivyo, mume upande huu na mke upande ule, na kati yao, nyuma ya kioo, usawa kabisa wa uso wa Lidia, Winifrida. Hakuwahi kumtazama karibu hivyo. Hakuwa mzuri kiasi hicho. Alikuwa na pengo dogo mbele, na macho mekundu kidogo, na alimtazama aliyempiga picha kama mtu anayetaka kuuliza kitu akakosa nafasi. Chini yake waliandika *Mke mpendwa wa Othmar*, kwa herufi za dhahabu, na Lidia alipozisoma kitu kile cha zamani kikamchoma palepale kilipozoea, chini ya titi la kushoto. Hakikuwa kimekwenda popote.

"Msiyumbe," Steven alisema kutoka chini. "Sasa ndiyo linashika. Mmoja akilegeza kidogo tu, utainama upande wake, na hivyo ndivyo utakavyokaa mpaka Yesu arudi."

Lidia alisikia. Kidogo tu. Hakuna ambaye angejua. Mikono huchoka, mtu wa ziwani hana mazoea. Winifrida angekaa ameinama mbele ya watu wote, na marumaru yake, na dhahabu yake, miaka na miaka, na yeye angelala usingizi.

Mzee Ildefonsi hakuruka mtakatifu hata mmoja. Alianza na malaika, akapita kwa mitume, akaingia kwa mashahidi kama anayetembelea nyumba moja moja, na kila jina watu walijibu kwa ajili ya marehemu. Jua lilipanda. Mabega ya Lidia yalianza kutetemeka, kisha viwiko, kisha ile mikono yenyewe. Bega la Dorothy lilikuwa limemgusa ubavuni, la moto.

"Umechoka?" binti alimnong'oneza.

"Nimechoka."

"Tumwite shangazi?"

Lidia alimtupia jicho Gertruda, aliyekuwa ameshakunja mikono ya gauni, mguu mmoja mbele.

"Thubutu," alisema, akakaza vidole, akaurudisha msalaba wima kwa unene wa ukucha, na mbele ya uso wa mke mwenzake akafungua mdomo akajibu pamoja na wengine: "Umwombee."